Magaga Yasiyouma

Katika miaka yangu yote ya unesi sikuwahi kushika kisu cha upasuaji, wala sina hadithi ya mtu aliyefufukia mikononi mwangu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya nimepiga magoti mbele ya miguu ya watu. Sasa nimestaafu, magoti yenyewe yamechoka, na ninyi vijana niliowaacha zahanati mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje nikaitwa Nesi wa Magaga. Nitawaeleza. Baadhi ya haya hayanipendezi kuyasema, lakini nikiyaacha mtajifunza nusu, na nusu ndiyo iliyomponza mgonjwa wangu Ntandu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa juu Ngorongoro, mwanzoni mwa miaka ya sabini: chumba kimoja cha mabati, meza, kabati, na ukungu uliokuwa ukiingia mlangoni kama mgonjwa mwingine. Nilitoka chuoni nikiwa nimejiandaa kwa malaria na kuzalisha. Asubuhi ya kwanza walikuja akina mama wanne wa Kimaasai, na wote wanne wakanionyesha mikono. Ilikuwa mwezi wa saba. Ule upepo wa juu kule unakausha nguo ndani ya ukungu, basi fikirini unafanya nini kwenye vidole vya mtu anayekamua ng'ombe alfajiri. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye kila kiungo, nyufa nyekundu zenye kingo ngumu kama gome la mti. Mmoja aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba maziwa yanapoingia mle ndani anamtukana ng'ombe, na ng'ombe hana kosa.

Nilikuwa na kopo moja la mafuta meupe kutoka bohari. Nilipaka kwa ukarimu wa mtu asiyejua kopo linalofuata litakuja lini. Liliisha kabla ya wiki mbili, na mikono ikarudi vilevile.

Mama mmoja mzee, ambaye nami kama wengine nilimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, alikaa siku hiyo akinitazama nikikwangua kopo. Alipochoka kunitazama alinishika mkono akauzamisha kwenye ndoo ya maji.

"Wewe unampaka mafuta mtu aliyekauka," alisema. "Ngozi ya ng'ombe ikishakauka unaipaka mafuta?"

"Sijui, Yeyo."

"Haisikii. Unailoweka kwanza. Ikishakunywa maji, ndiyo unaipaka, maji yasitoke tena."

Akatoa ndani ya shuka lake kibuyu kidogo cha mafuta ya kondoo, akanipaka mkono ukiwa bado unachuruzika. Nilinuka kondoo hadi kesho yake. Lakini mkono ulikuwa laini, na mkono wa pili, ambao haukupakwa, ulikuwa umepauka kama kawaida. Chuoni walinifundisha jina la mafuta. Yeyo alinifundisha maji. Tangu siku hiyo sikumpaka mtu mkavu.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya kijiji kimoja upande wa Endabash. Siku hizo Karatu yote ilikuwa chini ya Mbulu, na Mbulu ilikuwa mbali kila mvua iliponyesha. Mkubwa wangu hapo alikuwa Mganga Lohay, Mwiraqw mwenzangu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, ambaye alivaa koti moja la kahawia kwa miaka yote niliyomfahamu. Alikuwa mganga msaidizi, si daktari, na mtu akimwita daktari alimsahihisha papo hapo. Hakuwa na vifaa vingi zaidi yangu. Alichokuwa nacho ni maswali matatu, na aliyauliza kwa kila mtu, hata aliyekuja na jino: Panauma? Tangu lini? Unafanya kazi gani?

"Yustina," aliniambia wiki ya kwanza, "haya maswali usiyaruke hata kama jibu unaliona kwa macho."

Nilimjibu ndiyo, Mganga. Kusema ndiyo ni rahisi.

Jirani yetu kulikuwa na shamba kubwa la kahawa lenye kambi ya vibarua. Wengi walitoka Singida na Dodoma, wengine Mbulu. Waislamu na Wakristo walipanga vyumba ukuta kwa ukuta, wakitembea pekupeku kwenye udongo ule mwekundu ambao kiangazi unanyonya hata jasho la unyayo. Magaga yao sijayaona kwingine. Nyufa za visigino zilikuwa na kina cha kuficha mbegu ya hindi. Na tiba zao ziliniogopesha kuliko magaga. Kuna aliyeziba nyufa kwa grisi ya trekta. Kuna aliyedondoshea nta ya mshumaa ikiwa bado inachemka. Mmoja alivunja betri ya redio akajaza ule unga mweusi, kwa sababu, alivyosema, kama unaendesha redio hautashindwa na kisigino.

Kwa hiyo nilianzisha siku ya miguu. Kila Jumatano mchana nilipanga mabeseni nje ya zahanati. Kazi yenyewe ni rahisi, na ninaiandika hapa kwa sababu bado inafaa. Maji ya kawaida, si ya moto. Mguu ukae humo mpaka ngozi ya vidole ianze kujikunja. Kisha jiwe la mtoni lenye uso wa kukwaruza, usugue kingo za ufa taratibu, usichimbe katikati. Pale sugu ilipokuwa nene kupita jiwe nilitumia wembe mpya na mkono mwepesi. Usifute maji yote. Paka mafuta mguu ukiwa na unyevu, funga kitambaa, mtu aende zake na avae chochote kile mradi asikanyage chini. Kesho arudie mwenyewe nyumbani. Magaga hayaponi kwa siku moja ya nesi. Yanapona kwa siku arobaini za mwenye miguu.

Mafuta ya bohari yalipokosekana, na baadaye yalikosekana kwa miaka, nilipika ya kwangu. Mafuta ya mkia wa kondoo niliyayeyusha kwa moto mdogo, nikayachuja kwa kitambaa mara mbili, nikatia nta ya nyuki niliyoletewa na warina asali, kiasi cha kipande kimoja kwa vipande vinne vya mafuta, nikakoroga mpaka yakaanza kuganda. Nta ndiyo inayoyafanya yashike kisigino badala ya kukimbilia kwenye soksi. Hasara yake ni harufu. Mbwa wa kijiji kile walinipenda kuliko walivyowapenda wenye nyumba zao.

Ntandu alikuja kwenye Jumatano kama hiyo. Alikuwa mpogoaji wa mikahawa kutoka Singida, mrefu, mwenye kicheko kilichotangulia kufika kabla yake. Mkewe, Mama Hamisi, ndiye aliyemburuta.

"Nesi, mtazame huyu," alisema. "Anapasua shuka kwa visigino. Nimeshona shuka moja mara tatu."

Alipoketi niliinua mguu wake wa kushoto. Kisigino kilikuwa kimegawanyika vipande kama udongo wa bwawa lililokauka, na ufa mmoja ulikuwa umefika kwenye nyama. Niliuloweka, nikasugua, kisha nikachukua wembe. Kwa magaga ya namna ile mtu mzima hushika benchi, na wengine huwataja mama zao. Ntandu alikuwa akimsimulia jirani yake habari za nyapara aliyeanguka kwenye mtaro. Nilikata kingo ngumu, damu ikatoka kidogo, yeye akaendelea na mtaro wake.

"Ntandu, vumilia," nilimwambia.

"Endelea tu, dada. Mimi mwanaume wa Singida."

Watu walicheka, nami nikacheka. Sikumuuliza kama panauma. Nilidhani jibu naliona kwa macho: ufa mkubwa vile, damu, mwanaume jasiri. Nikawa namsifia kwa wengine. Nilikuwa nikimwambia anayelia, "Mtazame Ntandu, mwenzako wala hakunji uso."

Kwa miezi mitatu nilimhudumia. Kisigino kilifunga, na kikawa ushahidi wangu. Yeye mwenyewe alikivua mbele za watu kambini akikionyesha, na hapo ndipo jina la Nesi wa Magaga lilipozaliwa. Nililipenda jina hilo. Siku hizo nilikuwa kijana, na sifa kidogo zilinitosha kama chakula.

Baada ya masika ya mwaka uliofuata alirudi. Safari hii alikuja peke yake, akichechemea kidogo tu, akasema mguu unanuka na mkewe analalamika. Nilipomvua lile katambuga lake la tairi, nilikuta msumari. Ulikuwa umepenya tairi ukaingia chini ya unyayo karibu na kidole kidogo, na nyama kuuzunguka ilikuwa imeoza.

"Umekanyaga lini?"

"Kukanyaga nini?"

Nilimwonyesha. Aliutazama ule msumari akageuka kunitazama mimi, na kile kicheko hakikutokea. Alikuwa ameutembelea siku nyingi, akipogoa, akipanda ngazi, akishuka, bila kujua.

Nilisimama nikaenda kumwita Mganga Lohay. Nakumbuka nilitembea polepole, hatua kumi hivi kutoka chumba changu hadi chake, kwa sababu nilishajua. Elimu yote niliyopewa chuoni kuhusu ugonjwa huo ilinijia njiani, ikiwa imechelewa zaidi ya mwaka mzima.

Mganga alisafisha kidonda kwanza. Kisha alichomoa pamba kidogo, akaisokota ncha kama ya uzi.

"Fumba macho, ndugu yangu. Nikikugusa, onyesha kwa kidole nilipogusa."

Aligusa paji la uso, Ntandu akaonyesha. Aligusa bega, goti, akaonyesha. Aligusa kisigino, kile kisigino changu kizuri. Ntandu akakaa amefumba macho akisubiri. Aligusa unyayo wote, aligusa vidole. Ntandu akauliza, "Bado hujaanza?"

Mganga akapapasa nyuma ya kifundo cha mguu, mahali mshipa wa fahamu unapopita, akaniongoza kidole. Ulikuwa umevimba, mgumu kama kamba. Akamvua shati, akamgeuza mgongo: mabaka mawili yaliyopauka, makavu, ambayo hayakutoa jasho. Miezi mitatu nilimshika mguu na sikuwahi kumwambia avue shati.

Ngozi ya Ntandu ilikauka kwa sababu mishipa ya fahamu ilikuwa inakufa. Mguu usiopata habari hautoi jasho, usipotoa jasho unakauka, ukikauka unapasuka, na ukipasuka mwenyewe haambiwi. Mimi nilikuwa nimeyatibu magaga vizuri sana na kuuacha ukoma uendelee na safari yake.

Mganga alinitaka nimwambie mwenyewe. Hakusema kwa ukali. "Wewe ndiye anayekuamini," alisema tu, akatoka.

Nilimwambia Ntandu jina la ugonjwa, nikamwambia una dawa, nikamwambia vidonge atakunywa kwa miaka, na mguu wake atautunza maisha yake yote. Alisikiliza yote akiangalia ukuta.

"Ulinishika mguu miezi mitatu, nesi," alisema mwishowe. "Miezi mitatu. Na mimi najisifu kwa watu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilipaswa kujua. Sikukuuliza."

Nilitamani anitukane. Alivaa lile katambuga, akauchukua msumari akautia mfukoni, akaenda.

Habari kambini huwa hazitembei, zinakuwa zimeshafika. Kufikia siku ya tatu Mama Hamisi alikuja zahanati na ndoo tupu. Walimkataza kuteka maji kwenye bomba moja na wengine. Jirani wa kushoto alikuwa amehama chumba, wa kulia alikuwa ameziba ufa wa ukuta kwa magunia. Na nyapara mkuu, Bwana Sulle, alikuwa amepeleka ujumbe wa meneja: Jumatatu chumba kiwe wazi.

"Wamemwambia aende wapi?" niliuliza.

"Kwao." Akaiweka ndoo chini. "Na mimi wameniambia naweza kubaki kama namwacha. Nimewajibu nitabaki na nani sasa, na shuka?"

Ntandu kurudi Singida na kidonda kilichofika karibu na mfupa, bila kliniki, bila mtu wa kumfuatilia, kulimaanisha mguu kukatwa au kitu kibaya zaidi. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuniacha nilale vizuri: kwenye Jumatano zangu nilikuwa nimeshika mamia ya miguu ya kambi ile, na sikumuuliza hata mmoja. Kama Ntandu alinipita, wangapi wengine? Wakimfukuza yeye, hao wengine wataficha miguu yao mpaka ioze.

Nilimwambia Mganga kwamba Jumapili nitakwenda kambini na beseni langu.

"Kufanya nini?"

"Kumwosha miguu mbele yao."

Alifikiri huku akifunga vifungo vya koti lake. "Ukienda peke yako watakuona mwendawazimu," alisema. "Tukienda wawili watatuona serikali. Twende wawili."

Tulifika mchana, watu wakiwa wametoka kanisani na wengine wakicheza bao. Niliweka kigoda karibu na bomba lilelile walilomnyima Mama Hamisi, nikajaza beseni, nikamwita Ntandu. Hakutaka kutoka. Mkewe aliingia ndani, sikusikia alichomwambia, lakini alitoka. Watu walirudi nyuma wakaacha duara kubwa. Nilipiga magoti, nikautia majini ule mguu mzima wa kulia, nikaanza kuusugua kwa jiwe. Kidonda cha kushoto nilikisafisha peke yake, nikakifunga. Baadaye wengine walisema niliigiza Alhamisi Kuu, padri anapoosha watu miguu. Sikuwa na mawazo matakatifu hivyo. Nilikuwa nikijitahidi tu beseni lisimwagike.

Mama mmoja wa Kigogo akapaza sauti kutoka nyuma. "Nesi, wewe huogopi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengine, ya kitaalamu. Yaliyonitoka ni haya:

"Mimi nimemshika huyu miezi mitatu, kila wiki, kwa mikono hii, kabla ninyi hamjajua na kabla sijajua mwenyewe. Lilikuwa kosa langu kutojua. Basi njoni mlitazame kosa langu." Nikaikunjua mikono yangu juu. "Mnaona baka? Mnaona kidole kilichopinda? Na mkewe je, aliyelala naye miaka yote? Mtazameni."

Hakuna aliyesogea, lakini pia hakuna aliyeondoka. Mganga Lohay akaongeza kwa ile sauti yake ya chini, iliyowalazimu kukaribia ili wamsikie, kwamba mtu akishaanza vidonge haambukizi wengine, na kwamba anayestahili kuogopwa ni yule aliye nao na hajajua.

"Na nani hajui?" aliuliza Bwana Sulle.

"Ndicho tulichokuja kutazama," alisema Mganga. "Nani hapa ana magaga?"

Kisha mtu akacheka, maana swali lile kambini ni kama kuuliza nani ana kisogo. Wote walikuwa nayo. Mganga akauliza nani ataanza, wakatazamana. Mwishowe yule mama wa Kigogo akaja akakaa, akanyoosha miguu yake kama anayekwenda kuchinjwa. Nilimwosha katika beseni jingine, kwa sababu nilitaka warudi nyumbani na mafuta, si na mabishano. Mganga akamfumba macho kwa kitambaa, akampima kwa pamba. Alionyesha kila mahali alipoguswa. Alipofunguliwa macho akasema, "Nipimeni tena," na watu wakaanza kupanga foleni.

Bwana Sulle alikaa wa mwisho siku hiyo. Alikuwa na visigino vibaya kuliko vibarua wake, amevificha ndani ya viatu vya mpira miaka yote. Nilipogusa ufa wa kwanza kwa jiwe alipiga kelele iliyofanya mbuzi wasimame.

"Huyu yuko salama," alisema Mganga Lohay. "Panauma. Bwana Sulle, mshukuru Mungu kwa kelele hiyo."

Sidhani kama meneja alibadili mawazo kwa sababu ya mahubiri yangu. Alibadili kwa sababu Bwana Sulle alimwendea Jumatatu akiwa amefungwa vitambaa miguu yote miwili, akamwambia kwamba akimfukuza Ntandu kambi nzima itaacha kupimwa, na nyapara naye atahama. Ntandu alibaki. Walimtoa kwenye upogoaji wakampeleka kitaluni kwenye miche, ambako mtu anaweza kufanya kazi ameketi.

Tulirudi kambini Jumapili nyingi tangu hiyo. Kati ya watu wote tuliowapima tulipata wengine wawili. Mmoja alikuwa mzee aliyetoka Mbulu, ambaye alichukua vidonge kama anavyochukua ugoro, bila maneno. Wa pili alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, mchuma kahawa, nitamwita Rehema na silo jina lake. Miguu yake ilipauka upande mmoja tu. Mguu wa kulia uling'aa kwa mafuta na wa kushoto ulikataa. Alikuwa na baka moja nyuma ya paja, dogo kuliko kiganja. Vidole vyake vyote vilikuwa vizima. Alikuwa amechumbiwa.

Alinishika mkono kwa nguvu iliyoniumiza. "Dada Yustina, wakijua nimekwisha. Afadhali niende nikajitupe korongoni."

"Hutakwenda korongoni. Utakuja Jumatano kuchukua mafuta, kama watu wote."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Kila Jumatano foleni ya mafuta ilikuwa ndefu, na kila mtu alipewa yake kwenye karatasi iliyokunjwa, kwa maana makopo hayakuwepo. Ndani ya karatasi ya Rehema, chini ya lile donge la mafuta ya kondoo, kulikuwa na karatasi nyingine ndogo yenye vidonge. Alikuja mvua na jua. Miaka ile dukani hapakuwa na sabuni wala sukari, na mara mbili vidonge navyo vilichelewa. Mara ya pili Mganga alipanda baiskeli yake hadi Mbulu kuvifuata, akarudi baada ya siku nne, koti limekuwa jekundu kwa vumbi, na la kwanza alilolisema ni kwamba ameumwa na mnyororo wa baiskeli. Ilipokuja ile dawa mpya ya mchanganyiko, inayofanya mkojo uwe mwekundu, nilimwonya Rehema mapema. Ntandu nilisahau kumwonya, akaja asubuhi akikimbia na mguu wake mbovu kuniambia anakufa.

Kidonda cha Ntandu kilitugharimu karibu mwaka. Kila siku maji, kila siku kusafisha, na mguu juu ya kigoda hata kama hataki. Alipoteza vidole viwili vidogo na akabaki na mguu. Fundi viatu wa Karatu alimtengenezea makatambuga mapana kuliko ya kawaida, ndani nikayashonea blanketi kuukuu na mpira wa tyubu, na misumari tukaipiga marufuku, yote ikawa kushona kwa kamba. Alipata kipande cha kioo cha trekta lililokufa, akawa anakiweka chini kila jioni kutazama nyayo zake, kwa kuwa zenyewe hazitamwambia. Alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko mimi. Nilipompelekea mgonjwa mgeni, kutoka Endabash au hata kutoka mbali kule Oloipiri, alimketisha kwenye kitalu kati ya miche, akamfundisha kuloweka, kusugua, kupaka, kutazama. Na mgonjwa akijigamba kwamba anavumilia, Ntandu alimkatisha: "Acha ujinga huo. Mimi nilivumilia nikapoteza vidole."

Kama alinisamehe, hakuwahi kusema. Mwaka wa mwisho kabla hawajarudi Singida nilimuuliza, maana nilikuwa nimebeba swali hilo muda mrefu. Alikuwa akimwagilia miche. Akaendelea kumwagilia mstari mzima kabla hajajibu.

"Bado linanikaa hapa," alisema akigusa kifua. "Lakini wangekuwa wamenichukua watu wasiojua kukosea, nisingekuwa na mguu. Wasiokosea hawarudi na beseni."

Sijui kama huo ni msamaha. Niliuchukua ulivyo.

Mganga Lohay alistaafu kabla yangu na akafa kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee, na mimi nikaendelea na maswali yake matatu hadi siku yangu ya mwisho ya kazi. Kati ya ninyi kuna mliocheka niliporuhusu foleni ikue ili nimuulize mtu mwenye kisigino kinachotoka damu kama panauma. Chekeni, lakini ulizeni. Na akisema hapaumi, msimsifu. Mvueni shati.

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni Karatu, siku ya gulio, nikiwa sina haraka kwa mara ya kwanza tangu ujana. Mbele ya vitunguu vya Mang'ola alisimama mama mnene, amejifunga kitenge kizuri, na mumewe kando amebeba kikapu, na binti yao aliyekwisha kumpita mama kwa urefu. Alinitazama kidogo, nami nikamtazama. Alikuwa Rehema. Nilimtazama vidole vya mikono vyote kumi, na vya miguu ndani ya ndala vyote kumi, kabla sijamtazama uso. Ni tabia ya kazi, mnisamehe.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba. Hamjambo?"

Mumewe alisogea akaniamkia kwa heshima, kisha akamgeukia mkewe. "Mnafahamiana na huyu mama?"

"Zamani, kambini," alisema Rehema, bila kuyumba. "Alikuwa akitugawia mafuta ya magaga."

"Ya kondoo," nikasema. "Yalinuka sana."

"Yalinuka!" Akacheka, akachagua kitunguu kikubwa, akakiminya kuona kama kimekomaa vizuri, akaniuliza kama nadhani mwaka huu vitafika Krismasi bila kuoza. Nikamwambia inategemea mvua ya Eyasi. Tukazungumza habari za vitunguu mpaka kikapu cha mumewe kikajaa.